Kazi za Kanisa Sizikosi, Lakini Sala Zangu Zimekauka

SWALI

Shikamoo, Baba Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41 na ninaishi jijini Mbeya, ingawa nimezaliwa na kukulia Rungwe katika familia ya Kimoravian. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa kanisani, na tangu nipate akili sijawahi kuishi nje ya kanisa. Kwa sasa ni mtunza hazina wa kwaya, nafundisha Shule ya Jumapili, na kila Alhamisi jioni ni mmoja wa wanaoongoza maombi ya kina mama. Sielezi haya kwa kujisifu. Naeleza ili uelewe kwa nini tatizo langu sina pa kulipeleka.

Mama yangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Tulimwombea sana. Tulifunga, tulikesha, na kila tulipompeleka hospitali kusafishwa damu tuliamini kwamba hatutarudi tena kwa kuwa Mungu atakuwa amemponya. Alipofariki nilisimama imara msibani, nikahudumia wageni, nikaongoza hata wimbo makaburini, na watu wakasema, "Huyu mama ana imani." Baada ya matanga ndipo nilipogundua kwamba siwezi kuomba.

Alfajiri naamka saa kumi na moja kama nilivyozoea. Nafungua Biblia iliyomo kwenye simu, na kabla sijamaliza mistari mitatu unashuka ujumbe juu ya kioo: "Mama, nimetuma mchango wa sare, angalia." Nachukua daftari, naandika jina na kiasi, narudi kwenye Zaburi na kukuta sikumbuki nilikuwa nasoma nini. Nikifumba macho niombe, naona nazungumza na ukuta. Kinachonitisha zaidi ni kwamba Alhamisi, mbele ya watu, maneno yanakuja yenyewe na yamepangika vizuri. Majuzi mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Leo Roho amekutumia kweli kweli," nami nikarudi nyumbani nikijiona mnafiki. Tangu Pasaka sijashiriki Meza ya Bwana. Ukiwa mwanakwaya ni rahisi kubaki kwenye benchi bila mtu kukuona.

Nilimdokezea dada mmoja tunayeomba naye. Alinijibu kwamba mama alikufa kwa sababu ndani ya familia yetu kulikuwa na mashaka, na kwamba ukavu nilio nao ni dalili ya dhambi isiyotubiwa. Akanielekeza kwa mtumishi fulani anayevunja madhabahu za ukoo, ambaye hutaka sadaka ya mbegu ya shilingi 200,000 kabla ya mtu kuonana naye. Sijaenda, lakini siwezi kusema kwamba sijawaza kwenda. Nimejaribu pia kusikiliza mahubiri kwenye simu karibu kila siku. Yananichangamsha ninapoyasikiliza, yakiisha narudi palepale. Kaka yangu, ambaye kwa sasa hatuzungumzi kwa sababu ya mambo ya pale nyumbani kwa mama, yeye aliacha kabisa kwenda kanisani, na wakati mwingine naona ni afadhali yeye asiyejifanya. Usingizi nao umekuwa wa shida, kwani nikishtuka saa nane usiku sipati tena lepe.

Naomba unisaidie, Baba. Je, Mungu amenikataa? Niache huduma zote ili nisiendelee kumdanganya? Na kama hajanikataa, nifanyeje ili nimkaribie, maana nimeishi nyumbani mwake tangu utoto na sasa naona kama simjui?

Msomaji wako, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu, na jina la Bwana lihimidiwe. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Naanza na pole hii kwa kuwa, nilipoirudia barua yako, niliona umeeleza jinsi ulivyomuuguza mama, ulivyomwombea na ulivyosimama imara msibani, lakini sikuona mahali ulipoandika kwamba ulimlilia. Huenda ulilia na hukuona haja ya kuniambia. Huenda pia ile sifa ya kwamba una imani ndiyo iliyokunyima nafasi ya kulia, maana mtu akishasifiwa kwa kutotoa machozi, siku atakapoyatoa atajiona ameiangusha sifa yake. Naamini hapo ndipo sala yako ilipokwama, na nitaparudia.

Kuhusu swali lako la kwanza, jibu ni hapana, Mungu hajakukataa. Sikujibu hivyo ili kukubembeleza. Biblia tunayoisoma imehifadhi sala nyingi za watu waliomwambia Mungu waziwazi kwamba hawamwoni na hawamsikii, na sala hizo hazikufichwa kwa aibu, bali walikabidhiwa waimbaji ili taifa zima liziimbe katika ibada. Zaburi ya 88 haifiki hata mahali pa faraja. Inaanza kwa kilio, inaendelea kwa kilio, inamalizikia gizani, na hakuna aliyethubutu kuiongezea mstari mmoja wa kuitengeneza mwisho mzuri. Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kama kutouhisi uwepo wa Mungu kungekuwa ushahidi wa kukataliwa naye, tungelazimika kusema jambo ambalo hakuna Mkristo anayeweza kulisema juu ya Mwana wa Mungu.

Wapo watakaoshangaa kuona mchungaji wa Kimoravian akimtaja mtawa wa Kikatoliki, lakini mfano huu unakufaa. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na miaka 10 baadaye barua alizokuwa akiwaandikia viongozi wake wa kiroho zilichapishwa. Dunia ikajua kwamba mwanamke yule, ambaye kila mtu alidhani anaishi katika furaha ya kiroho isiyokatika, alikaa karibu miaka 50 akiomba bila kuhisi kitu, isipokuwa kwa kipindi kifupi. Aliamka alfajiri, akaomba, akaenda kuwaosha wagonjwa waliookotwa barabarani, na akawaandikia waungamishaji wake juu ya giza lililokuwa ndani yake. Angalia jambo moja: hakulificha giza lake kwa kila mtu. Alikuwa na watu wachache waliojua. Wewe huna hata mmoja, ukimwondoa yule dada uliyemdokezea, naye alikujibu vibaya.

Lazima niseme pia juu yetu sisi viongozi. Kwa miaka hii ya karibuni tumewazoesha washarika kuupima uwepo wa Mungu kwa msisimko. Kinanda kikipandishwa na spika zikiongezwa sauti tunatangaza kwamba Mungu ameshuka, na mitambo ikizimwa watu wanarudi nyumbani wakidhani ameondoka nayo. Mtu aliyelelewa na kipimo hicho akipata msiba, hisia zikafa ganzi kama zinavyokufa kwa kila binadamu anayefiwa, atahitimisha kwamba imani yake imekufa. Ganzi ya msiba haichagui. Huenda chakula nacho hukisikii ladha siku hizi, wala hujahitimisha kwa sababu hiyo kwamba umeacha kuwa na ulimi.

Sasa nije kwa yule dada. Aliyokuambia kwamba mama alikufa kwa sababu ya mashaka ya familia ni maneno yale yale ya rafiki zake Ayubu, na Biblia haikutuacha tubahatishe Mungu aliyapokeaje. Katika sura ya 42 Bwana anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa katika habari zake, kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Fikiri vizuri, mwanangu. Rafiki wale walikuwa wameitetea haki ya Mungu kwa hotuba ndefu zilizonyooka, na Ayubu alikuwa amelalamika, amehoji, na amelaani hata siku aliyozaliwa. Ila wao walizungumza juu ya Mungu, na Ayubu, pamoja na ukali wake wote, alizungumza na Mungu. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake na hakuondolewa, na jibu alilopewa, "Neema yangu yakutosha," halikuambatana na lawama yoyote kwamba imani yake ilipungua. Mama yako alikufa kwa ugonjwa wa figo. Mliomba kama watoto wanavyomwomba baba, na sababu ya jibu kuwa lile sijui mimi, hajui yule dada, wala hajui mtumishi wa madhabahu za ukoo.

Fedha yako usipeleke. Simoni wa Samaria alipotaka kununua uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Anayekutoza shilingi 200,000 ndipo akuonyeshe njia ya kwenda kwa Baba yako anakuuzia mlango ulio wazi. Kumtolea Mungu sadaka ni jambo jema, na wewe, mtunza hazina, unalijua kuliko wengi. Kulipia kuonana na mtu wa maombi ni jambo jingine, na lisipewe jina la sadaka.

Baada ya kuyasema hayo, naomba tuzungumze juu ya kanisa letu lilivyoanza kuhuishwa, kwa sababu umelelewa Rungwe, ambako wamisionari wa Kimoravian walifika mwaka 1891, na nadhani historia hii ulifundishwa kwenye kipaimara kama orodha ya tarehe za kukariri. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech, walianza kujenga kijiji cha Herrnhut mwaka 1722 katika ardhi ya Zinzendorf, mkabaila Mkristo wa huko Ujerumani. Walikuwa watu wa dini kweli kweli, waliokuwa wameacha nyumba na mashamba kwa ajili ya Injili, lakini miaka michache baadaye kijiji kilikuwa kimegawanyika kwa ugomvi, kila kundi likiona wengine wamepotoka. Zinzendorf alikwenda nyumba kwa nyumba akizungumza nao, na tarehe 12 Mei 1727 wakakubaliana kwa maandishi namna ya kuishi kama ndugu. Tarehe 13 Agosti mwaka huo wakakutana kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la kijiji jirani cha Berthelsdorf, na hapo, watu waliokuwa hawasalimiani wakatoka wakiwa wamoja. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 wakaanza kupokezana saa za maombi mchana na usiku, zamu iliyodumu kwa takriban miaka 100. Mwaka uliofuata ikaanza desturi ya kupelekeana mstari mmoja wa Neno kila siku, nyumba hadi nyumba, na mwaka 1731 mistari hiyo ikachapwa kitabu. Mwaka 1732 ndipo wamisionari wa kwanza walipoondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, kuhubiri kwa watumwa.

Tazama mpangilio wake. Walipatana, wakaketi Mezani, wakaomba kwa zamu, wakala Neno kidogo kidogo, na huduma ikaja mwisho kama tunda la hayo yote. Wewe unafanya kinyume. Huduma unayo tele, Neno unalisoma katikati ya michango ya sare, maombi unayafanya peke yako au mbele ya wanaokusifu, Mezani huendi, na ndugu yako hamzungumzi. Sikulaumu, maana msiba ndio uliokuweka hivyo, na kanisa, kwa kukusifu, likakuacha hapo. Lakini ukiniuliza uanzie wapi, siwezi kukwambia uongeze bidii katika kile ambacho tayari umekizidisha.

Kaka yako umemtaja katika sentensi moja tu, kwa kupita, katikati ya habari za mahubiri ya kwenye simu. Mimi nilisimama hapo. Sijui kama mnagombania nyumba, shamba, au maneno yaliyosemwa siku mama alipozidiwa, na sihitaji kujua. Yesu anasema katika Mathayo sura ya 5 kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni na ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale uende ukapatane naye kwanza. Hakuuliza nani ana haki. Anayetakiwa kuondoka kwenda ni yule aliyekumbuka, hata kama kosa si lake. Nakushauri usianze na suala la mali, wala usipeleke wazee wa ukoo safari ya kwanza. Mpigie simu umwulize habari za afya yake na watoto, kisha umwambie kwamba umemkumbuka mama na ukaona mtu pekee anayeweza kukuelewa ni yeye. Kwa maana mama huyo ni wake pia, na sidhani kwamba aliacha kanisa kwa uvivu. Inawezekana yeye naye alifunga na kuomba, akavunjika moyo kama wewe, ila hakuwa na kwaya ya kumfunika. Asipopokea simu, au akijibu kwa ukali, utakuwa umefanya sehemu yako, na mlango ubaki wazi. Mambo ya mali yatafuata njia yake, hata ikibidi kwa baraza au mahakama, lakini salamu zisisubiri hukumu.

Kuhusu Meza ya Bwana, rudi. Nafahamu hofu yako ya kula isivyostahili, na ni vema mtu kujihoji kabla ya kushiriki, lakini kustahili kunakosemwa pale hakumaanishi kuwa na moyo uliochangamka. Paulo alikuwa akiwakemea Wakorintho walioshiba na kulewa huku maskini wakiwa na njaa kwenye meza ile ile. Mkate na kikombe vimewekwa mahsusi kwa ajili ya siku ambazo moyo hauna cha kujipa, kwani pale hutakiwi kuhisi, unatakiwa kunyoosha mikono upokee. Ukishampigia kaka yako, hata kabla hajakubali, usibaki tena kwenye benchi.

Tufike sasa kwenye sala yenyewe. Simu iache jikoni. Nunua Biblia ya karatasi, hata ndogo, na ile saa kumi na moja ya alfajiri simu isiwepo chumbani, kwa maana hakuna mtu duniani anayeweza kumsikiliza Mungu huku akipokea michango. Mahubiri ya kila siku nayo yaache kwa muda. Mengi ni mema, lakini kusikiliza watu wengine wakizungumza juu ya Mungu kutwa nzima kunaweza kuwa njia ya kumkwepa Mungu mwenyewe, na hilo hata sisi wahubiri hatupendi kuambiwa.

Kisha chukua Zaburi ya 13. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, ina aya 6 tu, na kwa sababu ndani ya aya mbili za kwanza mwimbaji anasema "hata lini" mara nne. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Isome kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema na aliye karibu. Ukifika kwenye "hata lini" ya kwanza simama, uweke ya kwako: hata lini nitashtuka saa nane za usiku, hata lini nitawaongoza wengine mahali ambapo mimi sifiki, kwa nini uliniacha niamini kila safari ya hospitali. Usilainishe. Mwambie Mungu kwamba umemkasirikia, kama umemkasirikia, na nadhani umemkasirikia. Machozi yakija, huo ndio mwanzo wa sala uliyoikosa tangu msibani, na usikimbilie kuyafuta ili ufike kwenye aya za sifa. Aya ya tano inasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako," na ipo siku utaisema na itakuwa kweli. Kwa sasa unaweza kuisoma kama neno la mtu mwingine aliyekutangulia njia hiyo hiyo. Siku ambayo hata kusoma kutakushinda, yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko sura ya 9 amekuachia sala inayotosha: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto.

Kaa na Zaburi hiyo moja mpaka uichoke, kisha endelea kukaa nayo. Baadaye nenda kwenye ya 42, ya 63 na ya 88. Nakusihi usijiwekee mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka, maana wewe ni mtu wa hesabu na utaanza kumfungia Mungu mahesabu ya mwezi. Wale wa Herrnhut walipelekeana mstari mmoja, wakaubeba shambani na karakana, wakaurudia jioni. Uandike mstari wako kwenye karatasi uweke mfukoni uendapo kazini, na ukikumbuka katikati ya foleni ya daladala, uutamke.

Huduma je? Usiache zote, wala usiendelee na zote. Hazina ya kwaya ikabidhi. Itisha kikao, kabidhi daftari na salio, omba mwingine achaguliwe, na useme kwamba unahitaji kupumzika baada ya msiba. Hakuna atakayeona ajabu. Kuongoza maombi ya Alhamisi nako kusimame kwa muda, lakini uhudhurie na uketi nyuma, uwaache wengine wakuombee. Kuimba endelea, kwa sababu wimbo hubebwa na wengi, na siku sauti yako itakapokatika wa pembeni ataendelea. Watoto wa Shule ya Jumapili nao usiwaache. Watu wazima wanakusifu kwa namna unavyopanga maneno, lakini mtoto wa miaka sita atakuuliza kwa nini bibi alikufa wakati tulimwombea, na wewe utalazimika ama kumdanganya au kumwambia ukweli kwamba hata wewe unamwuliza Mungu swali hilo. Ukimwambia ukweli utakuwa umefundisha vizuri.

Na lile la unafiki, nadhani umejihukumu kupita kiasi. Mnafiki hutaka watu waamini asichokusudia kuwa. Wewe uliomba maneno ambayo ungependa yawe kweli, na waliokusikia wakasaidika. Kosa lilikuwa kuendelea kuyasema hadharani bila kuwa na mahali pa faragha pa kusema yale mengine.

Kwa hiyo unahitaji mtu. Walokole wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930 ukafika hadi Bukoba na kwingineko, walikuwa na neno la kutembea nuruni, yaani mtu kutokaa na giza lake peke yake katikati ya ndugu. Wakati mwingine walizidisha, wakaanika hadharani mambo ambayo yangetosha kusemwa kwa mmoja, nami sikushauri usimame Alhamisi utangaze. Tafuta mama mmoja mtu mzima, asiye na haraka ya kutoa majibu, ikiwezekana mjane au aliyezika mtoto, umwambie yote uliyoniandikia. Umwombe akushikie saa yako ya maombi kama walivyofanya wale 48, ili alfajiri utakapokuwa huna neno, ujue yupo anayesema kwa niaba yako. Warumi 8 inatuambia kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo hata yeye akisahau hutakuwa umebaki bila mwombaji.

Usingizi usiupuuze. Eliya alipochoka hata akaomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Sauti ya Mungu, ile ndogo ya utulivu, ilikuja baadaye, akiwa ameshakula na kutembea hadi mlima Horebu. Nenda hospitali umweleze daktari kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama mawazo ya kutotaka kuishi yamewahi kukujia umwambie bila kuficha, siku hiyo hiyo. Huzuni ya msiba inaweza kugeuka ugonjwa unaotibika, na kunywa dawa hakumpunguzii Mungu utukufu wowote. Mumeo hukumtaja katika barua, lakini nadhani yupo. Mwambie naye, na mwende pamoja.

Mwisho ni mchungaji wako. Huenda unaogopa kwamba atasema umerudi nyuma. Wachungaji wengi tunaijua hali hiyo kwa ndani kuliko mnavyodhani, na yule atakayekujibu kwa haraka kwamba uongeze kufunga, mshukuru na uende kwa mwingine. Usingoje kumweleza historia nzima. Mwombe nusu saa siku ya kawaida ambayo si Jumapili, ofisini kwake, na umwambie hivi: "Baba, tangu mama afariki siwezi kuomba, sijashiriki Meza ya Bwana tangu Pasaka, na nimekosana na kaka yangu. Naomba uniombee hapa hapa, kisha unisaidie kuikabidhi hazina ya kwaya."